Alizima umeme tajiri akisubiri supu. Leo anasubiri kuajiriwa

Saa moja asubuhi, na Coloma Siquier haonekani. Kinachoonekana ni nyayo mbili zenye soksi nyeupe, zimechomoza kwenye tundu la sakafu ya chumba cha injini kama mikate iliyosahaulika kwenye tanuri. Sauti yake inatoka huko chini.

"Fundi, nipe spana ya kumi na tatu."

"Unayo," anajibu Gori Mesquida, mkuu wa mainjinia, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa.

"Sina."

"Unayo. Umeilalia."

Kinasikika kicheko. Spana ilikuwa chini ya mbavu.

Hii ni boti ya kifahari iitwayo Bon Repòs, yaani Pumziko Jema, jina ambalo tangu mwanzo lilikusudiwa kwa mwenye boti na si kwa wanaofanya kazi humo. Ina urefu wa mita arobaini na nane, mabaharia kumi na mmoja na vyoo kumi na vinne. Ukitaka kuielewa kazi ya injinia anayeanza, shika hiyo namba ya mwisho.

Kesho boti inaondoka hapa bandari ya Palma kwenda kisiwa cha Sardinia kwa msimu mzima wa kiangazi. Coloma, mwenye umri wa miaka 23, bado hajui kama yumo. Majaribio yake yanaisha leo. Mwenye kuamua ni Fundi Gori, na Fundi Gori ni mtu ambaye ukimuuliza kama mvua inanyesha, atakwambia tungoje ikatike ndipo tujue.

"Hajaniambia ndiyo, hajaniambia hapana," anasema Coloma akiwa amechomoza kichwa sasa, nywele zimefungwa kwa mpira wa bomba. "Jana nimemuuliza, akaniambia choo cha chumba namba nne kinalia."

"Na kilikuwa kinalia?" anaulizwa.

"Kilikuwa kinalia. Ndiyo shida ya Fundi, hasemi uongo."

Wanaodhani chumba cha injini ni mahali pa moshi na masizi waje hapa, lakini wavue viatu kwanza. Sakafu ni nyeupe, kuta ni nyeupe, mabomba yameng'arishwa mpaka unaweza kuchania nywele mbele yake. Kila jioni Fundi Gori huwageuzia wasaidizi wake nyayo, kama mama anayekagua watoto kabla ya kulala. Soksi ikiwa na doa la mafuta, maana yake kuna mahali panapovuja, na hakuna kupanda juu mpaka papatikane.

"Siku ya kwanza nilidhani ana kichaa," anasema Coloma. "Siku ya tatu nikakuta tone la mafuta kwenye soksi yangu mwenyewe. Nikafurahi. Hapo nikajua na mimi nimeanza kuchanganyikiwa."

Alikotoka hakukuwa na soksi nyeupe. Baba yake, Martí, ana karakana mjini Sa Pobla, kule kwenye mashamba ya viazi, anakotengeneza matrekta, pampu za visima na kitu chochote kinachotoa sauti kisichotakiwa kuitoa. Coloma alikulia chini ya matrekta hayo. Akasomea ufundi wa injini za meli katika chuo kimoja cha hapa mjini, akiwa msichana peke yake darasani, na alipohitimu baba yake alidhani atarudi karakanani.

Hakurudi. Martí, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, anaeleza wasiwasi wake hivi: "Trekta ikikwama, mkulima anakutukana na maisha yanaendelea. Huko kwa matajiri hawakutukani. Wanakutabasamia, halafu kesho hupo."

Anayetaka kuanza kazi hii huanzia gatini. Unaamka mapema, unavaa shati safi, unabeba karatasi zako na kutembea boti hadi boti ukiuliza kama kuna nafasi. Coloma alitembea hivyo wiki nyingi kiasi kwamba paka wa gatini walimzoea.

"Walikuwa wananiona msichana, wanadhani natafuta kazi ya kutandika vitanda," anasema. "Nahodha mmoja akaniambia, binti, mhudumu tunaye. Nikamwambia mimi ni wa mashine. Akasema, ya kufulia?"

Kwa Fundi Gori mambo yalikuwa mafupi zaidi. Hakutaka karatasi. Alimtazama mikono, kisha akamuuliza anatoka wapi.

"Sa Pobla."

"Nyumba gani?"

"Ya Chura."

Hapo msomaji asicheke kabla ya wakati. Sa Pobla akina Siquier ni wengi kama viazi vyenyewe, kwa hiyo kila ukoo una jina lake la utani, na usipolitaja hakuna anayekujua. Babu wa babu yake Coloma alikuwa na macho makubwa. Basi, vizazi vinne baadaye, wote ni akina Chura, wakiwamo wenye macho madogo.

"Choo unajua kuzibua?" Fundi Gori akamuuliza.

"Najua."

"Njoo kesho."

Ndivyo ajira ya majaribio ilivyofungwa. Kuna watu wameolewa kwa maneno mengi zaidi ya hayo na hawakudumu.

Saa ya kifungua kinywa cha pili, watu wanashuka gatini na kukaa kwenye kivuli cha ghala. Mkate unapakwa nyanya na mafuta ya zeituni, soseji nyekundu ya kupaka inatoka kwenye karatasi, na ulimi wa Praxedis Riutort unatoka kwenye ala yake. Praxedis ni mkuu wa wahudumu, miaka kumi na tisa kwenye boti, na ndiye mwenye amri juu ya kila kitu ambacho mgeni anaweza kukiona.

"Chura, umenawa?"

"Nimenawa, dada."

"Nionyeshe. Kucha. Haya, kula. Nilidhani tutakufulia na wewe."

Wote wanacheka, Coloma naye akicheka huku amejifunika uso. Kuna kisa hapo, na hakuna mtu gatini asiyekijua. Wiki iliyopita Coloma alizima umeme wa boti nzima, mwenye boti akiwa mezani.

Kukielewa inabidi kujua kwanza sheria ya Fundi Gori kuhusu valvu. Kila valvu humu ina kibati chake cha shaba chenye namba. Anayefunga valvu anakichukua kibati hicho na kukivaa shingoni, na hakivui mpaka aifungue tena. Hali, hanywi, haongei na mchumba wake kwenye simu. Kibati kikigonga kifua, unakumbuka. Fundi Gori amesafiri na sheria hiyo zaidi ya miaka ishirini.

Siku hiyo kulikuwa kumevuma upepo mkali, na nyasi za bahari, zile ndefu za rangi ya kahawia zinazojaa kwenye ghuba zetu kila baada ya dhoruba, zilikuwa zimejaza chujio la jenereta namba mbili. Jenereta hupozwa kwa maji ya bahari. Chujio likiziba, maji hayapiti. Coloma akafunga valvu, akavaa kibati, akafungua chujio, akatoa nyasi za kutosha kujaza godoro, akarudisha kifuniko. Ilibaki kufungua valvu.

Hapo ndipo kengele ikalia. Bibi Violant, mwenye boti, mjane wa mwenye viwanda vya vigae, alikuwa amewasili kabla ya wakati wake. Na kwenye boti hizi mwenye mali akifika, mabaharia wote hupanga mstari sitahani, peku, mashati meupe, kama timu inayosubiri wimbo wa taifa. Wote maana yake wote, hata wa chumba cha injini.

Coloma akawasha swichi ya jenereta, ili iwe tayari kujiwasha yenyewe ikihitajika, maana boti ilikuwa karibu kutoka, akapanda ngazi mbili mbili akivua ovaroli njiani. Alikutana na Praxedis mlangoni.

"Na hicho chuma shingoni?" Praxedis akamuuliza.

"Ni cha valvu, dada."

"Binti, utampokea Bibi Violant umevaa kengele kama mbuzi? Vua."

Akavua. Akakitia kwenye mfuko wa ovaroli. Ovaroli, kwa kuwa ilikuwa na harufu ya nyasi za bahari, Praxedis akaitupa kwenye kapu la nguo chafu. Shati jeupe likapendeza. Bibi Violant akapita mbele ya mstari akitikisa kichwa kwa kila mmoja, boti ikatoka bandarini, ikatia nanga kwenye ghuba tulivu, meza ikaandaliwa.

"Mimi na Fundi tulikuwa na sheria yetu, wao juu wana yao," anasema Coloma. "Kila mtu alifuata sheria. Ndiyo maana ikawa mbaya."

Jikoni tanuri zote zilikuwa zinawaka. Viyoyozi vilikuwa vinavuma. Jenereta namba moja ilikuwa inabeba mzigo wote huo bila kulalamika. Kisha Praxedis akaona ana muda kidogo kabla ya supu, akawasha mashine ya kufulia.

Mashine hiyo ndiyo iliyozidisha mzigo. Boti ikafanya inavyofanya siku zote umeme ukikaribia kupungua: ikaiwasha yenyewe jenereta namba mbili, ambayo valvu yake ilikuwa bado imefungwa.

"Nasikia kitu kinagonga ndani ya mashine, kengele, kengele," anasimulia Praxedis. "Nachungulia kwenye kioo, naona ovaroli ya huyu inazunguka. Kabla sijasema lolote, giza."

Jenereta namba mbili ilipata joto, ikajizima. Namba moja ikaelemewa, nayo ikajizima. Viyoyozi vikanyamaza, muziki ukanyamaza, milango ya vioo inayofunguka yenyewe ikakataa kufunguka. Mgeni mmoja, mtu wa heshima zake, alikuwa chooni, na vyoo vya huku bila umeme havivuti kitu. Lifti ndogo ya chakula ikasimama katikati ya jikoni na sitaha ikiwa na supu ya samaki ya watu wote.

Chini, Fundi Gori aliteremka na tochi. Alimkuta Coloma tayari ameshafungua valvu, amepiga magoti mbele ya pampu ya jenereta, mikono miwili ndani. Kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji kilikuwa kimeungua vipande vipande.

"Ni mimi," Coloma akamwambia. "Valvu niliiacha. Namba moja ni nzima, tuiwashe, tuzime viyoyozi, tanuri na mashine ya nguo. Hii haitawaka leo."

Waliwasha namba moja, taa zikarudi. Lakini lifti ya supu haikurudi. Ilihitaji kuzungushwa kwa mkono, na mahali pa kuizungushia ni juu, nyuma ya kijimlango kilicho hatua chache kutoka kiti cha Bibi Violant.

Na huko ndiko alikotumwa Coloma, shati jeupe likiwa halina tena habari na weupe, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Kanuni ya kazi hii ni kwamba injinia haonekani na wageni. Akionekana, hasemi. Akisemeshwa, anajibu kifupi na kupotea.

"Na wewe ni nani?" Bibi Violant akamuuliza.

"Ningesema Coloma tu," anasema sasa, akitazama mkate wake. "Nikasema kama ninavyosema nyumbani. Coloma Siquier, mama, wa nyumba ya Chura, Sa Pobla."

Bibi Violant akaweka kijiko chini.

"Basi, Chura," akasema, "nitolee supu yangu."

Alizungusha, supu ikapanda, wageni wakampigia makofi. Ungesema mambo yaliisha vizuri. Lakini nahodha alikuwa amesimama pembeni, na nahodha wa boti hizi hapendi abiria wake wajue kwamba kuna injini. Tangu siku hiyo taa ikipepesa tu, Bibi Violant anauliza mbele ya wageni: "Chura anafanya nini huko?" Na nahodha anatabasamu kama mtu aliyeng'atwa na kiatu.

Ndiyo maana asubuhi hii, watu wakiwa bado wanatafuna, vicheko vinakatika. Kijana wa kutoka Andratx, shati safi, karatasi mkononi, anakuja gatini. Ni mara yake ya tatu wiki hii. Nahodha anashuka kumpokea, wanazungumza kando, nahodha anamshika bega.

"Ana sura ya mtu anayejua kuogelea," anasema Praxedis kwa sauti ya chini.

"Ana vyeti kuliko mimi," anasema Coloma.

"Vyeti vinazibua vyoo?"

"Dada, acha."

Praxedis anaacha. Anamkatia kipande kingine cha mkate, anakipaka soseji nene kuliko kawaida, anamsogezea. Kisha anasema jambo ambalo, kwa wanaomfahamu, ni kama kusikia jiwe likiimba: "Mimi ndiye niliyekwambia uvue."

"Ningeweza kukataa."

"Kunikataa mimi? Nani amewahi?"

Coloma anasema hofu yake si kurudi karakanani. Karakanani kuna kazi na kuna baba yake. Hofu ni kwamba boti zote za gati hili zinasikilizana, na injinia aliyeshushwa kabla ya safari yake ya kwanza hupata tabu kupanda ya pili. Bila safari hakuna siku za baharini, na bila siku za baharini hakuna cheti cha daraja linalofuata. "Nisipoondoka na hii kesho, nimerudi kwa wale paka," anasema.

Wiki nzima tangu ajali ile amekuwa akiitengeneza namba mbili. Pampu mpya ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kutafuta vipande vya mpira vilivyosafiri ndani ya mabomba, maana kimoja kikibaki kitaziba njia ya maji na hadithi itaanza upya. Alivitoa kimoja kimoja kwa koleo ndefu ya kukamatia tambi aliyoiazima jikoni, akavipanga juu ya kitambaa mpaka vikaunda kigurudumu kizima. Mpishi hajaitaka tena koleo yake.

Ilikuwa katikati ya kazi hiyo alipomwambia mkuu wake neno lililomkaa kooni. "Fundi, shingo si mahali pazuri pa kile kibati. Shingo inapanda juu, inavaa shati. Swichi haiendi popote."

Fundi Gori alimtazama, akamaliza kahawa, akaondoka. Hakumsemesha siku mbili isipokuwa kuhusu vyoo.

"Nikajua nimejimaliza," anasema Coloma. "Mtu ana sheria kabla mimi sijaota meno, namwambia haifai, tena mimi niliyeivunja."

Baada ya chakula cha mchana Coloma na Fundi Gori wanashuka chini kwa jaribio la mwisho. Coloma anatangulia. Anafika mbele ya kabati la swichi, anasimama. Juu ya swichi ya jenereta namba mbili kuna ndoano mpya ya shaba, imefungwa kwa skurubu mbili, imeng'arishwa. Kuna nyingine juu ya namba moja. Nyingine kwenye pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti, nyingine kwenye pampu za vyoo. Ukuta mzima, kila swichi ina ndoano yake, na kibati kikining'inizwa hapo kinaifunika swichi kabisa, huwezi kuiwasha mpaka ukiondoe.

Fundi Gori anasafisha miwani yake.

"Nani ameziweka?" anauliza Coloma.

"Panya," anasema Fundi Gori. "Washa."

Anawasha. Jenereta inakohoa mara moja, inatulia, inaanza kuimba. Fundi Gori anachukua simu ya ndani na kumwita Praxedis. "Washa kila kitu. Tanuri, viyoyozi, mashine za nguo. Zote, ndiyo. Hata ile ya kukaushia. Weka mashuka ndani, usiwashe tupu."

Boti nzima inaanza kuvuma. Sindano ya joto inapanda polepole, na wote wawili wanaitazama kama watu wanaosikiliza matokeo ya uchaguzi. Inapanda, inafika inapotakiwa, inasimama. Haisogei tena. Coloma ameweka kiganja juu ya bomba la maji ya bahari, na bomba ni baridi.

Fundi Gori anatoa kitambaa cheupe mfukoni, anapangusa chini ya pampu, anakiangalia kwenye mwanga. Anakikunja.

"Mimi napanda kunywa kahawa," anasema.

"Na mimi?"

"Wewe una chumba cha injini. Ukiona kitu kidogo, kirekebishe. Ukiona kikubwa, kirekebishe halafu uniambie."

Anapanda ngazi mbili, anageuka. "Yule kijana wa Andratx nimemwambia asiendelee kujisumbua. Nimempeleka kwa rafiki yangu, boti ya pili kutoka mwisho, wanatafuta mtu. Mpigie mama yako, mwambie treni ya jioni hutapanda."

Coloma anakaa chini kwenye sakafu nyeupe.

Gatini, juu ya kahawa yake, Fundi Gori haoni kama kuna la kueleza, lakini akibanwa anaeleza. "Nimefundisha vijana wengi. Umeme ukizima, wengi wanatafuta kwanza kisingizio, halafu ndio spana. Huyu nilimkuta na spana." Anakoroga kahawa isiyo na sukari. "Na nahodha nimemwambia, kama hamtaki, atafute mainjinia wawili."

Kuhusu ndoano hasemi chochote. Anasema panya wa Palma ni wengi.

Mshahara utakuwa yuro elfu mbili na mia nne kwa mwezi, pamoja na chakula na kitanda cha juu katika chumba anacholala na mhudumu anayeota kwa sauti. Karakanani angepata pungufu, lakini angelala kimya.

Kazi ya chini ikiisha na mashine kuzimwa, Coloma anashuka gatini na kumpigia simu mama yake, Magdalena. Ameweka sauti wazi kwa sababu mikono yake haijanawa, na gati lote linasikiliza likijifanya halisikilizi.

"Mama, leo sirudi."

"Umefanya nini tena?"

"Nimepata kazi."

"Ile ya vyoo?"

"Ileile, mama."

Upande wa pili kunasikika kiti kikivutwa, na mtu kuketi. "Basi vizuri," anasema Magdalena. "Utakula nini huko?"

"Kuna mpishi."

"Wa wapi?"

"Wa Bilbao."

"Maskini mwanangu. Baba yako anakuja na gari. Nimetengeneza mikate yenye samaki mkunga ndani, mmoja wako, mmoja wa huyo mkuu wako asiyesema."

Martí anafika jua likiwa bado juu, akiwa na mikate miwili ndani ya taulo. Anavua viatu bila kuambiwa, anashushwa chini na binti yake. Anazunguka injini zote taratibu, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia kanisa la watu wengine. Mwisho anasimama mbele ya namba mbili.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, baba."

Anaweka mkono juu yake, anaisikiliza ingawa imezimwa. "Pampu umekaza kwa mkono au kwa mashine?"

"Kwa mkono."

"Haya," anasema, na kwa akina Chura hiyo ni hotuba.

Mipango ya Coloma si ya siri. Anataka miaka mitatu ya baharini, mtihani wa daraja la juu, kisha chumba cha injini kilicho chake mwenyewe, chenye sakafu nyeupe na msaidizi wa kumgeuzia nyayo. Siku moja atarudi Sa Pobla, labda, kama matrekta bado yatakuwapo na baba yake atakuwa amekubali kusafisha sakafu.

Lakini ukimuuliza anatamani nini msimu huu, hafikirii mara mbili.

"Nataka tufike mwezi wa tisa, Bibi Violant ashuke na mabegi yake, amuulize nahodha: yule binti wa huko chini, aliitwa nani vile?" Anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Na nahodha naye awe amesahau. Hapo nitajua nimekuwa injinia."